Kamba ya Mita 60: Kutoka Mbweni hadi Mjimwema

Alhamisi, Mbweni

Kamba tuliinunua Kariakoo, ile ya nailoni ya bluu ambayo wavuvi wadogo hufungia nanga. Shemeji akaitandaza uwanjani kwake Tegeta, akaipima kwa tepe ya fundi ujenzi na kupiga fundo kila baada ya mita 10. Fundo la sita ndilo mwisho wa kamba. Watoto wa jirani walidhani tunaandaa mashindano ya kuvutana, wakajipanga pande mbili.

Mita 60 hazikutoka kichwani kwetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Dar es Salaam nzima inaijua namba hii, hata asiyewahi kuiona hiyo sheria. Mwenyekiti wa mtaa anaitaja, dalali anairukia juu juu, na kuna waliobomolewa nyumba kwa ajili yake. Mimi nilitaka kuiona imelala chini, fundo kwa fundo, kuanzia pale maji yanapoishia. Tuanzie kaskazini tushuke hadi Kigamboni, kwa miguu panapopitika, kwa daladala pasipopitika.

Tulingoja mwezi mpevu wa mwisho wa Machi. Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa, ila kwa ndugu zetu wa bara: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari huwa ya bamvua, inajaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji karibu. Bamvua la Machi na la Septemba huwa ndiyo makubwa ya mwaka. Kwetu hapa tofauti ya kupwa na kujaa siku hizo hukaribia mita 4. Mwezi unapokuwa mpevu maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa pomoni mnamo saa kumi alasiri, kisha kila siku inayofuata yanachelewa kidogo.

Basi saa kumi tulikuwa Mbweni, ukingoni mwa mikoko. Hapa bahari haiji kwa mawimbi. Inapenya chini kwa chini kati ya mizizi, unatazama tope, ukigeuka kumjibu mwenzako na kutazama tena, tope halipo. Tulifunga ncha ya kamba kwenye mkoko wa nje kabisa na kurudi nyuma tukitumbukia hadi magotini. Fundo la kwanza kwenye mikoko, la pili kwenye mikoko, la tatu na la nne tukaingia kwenye michu yenye mizizi iliyochomoza juu kutafuta hewa, la tano kwenye mikandaa mifupi. La sita lilifika kwenye mchanga mkavu wenye chumvi chumvi, na hatua chache mbele yake ukasimama ukuta wa nyumba mpya, waya wa umeme juu.

Mama mmoja aliyekuwa akichokoa kombe alituuliza kama tumetoka serikalini. Shemeji akamwambia hapana mama, tunapima tu. Akacheka: "Mnapima bahari kwa kamba?"

Ule ukuta ulinikaa rohoni jioni nzima. Mikoko ina uwezo wa kupanda pamoja na bahari. Mizizi inanasa tope, tope linainua ardhi, na bahari ikipanda polepole msitu nao unapanda na kusogea nchi kavu mche kwa mche. Lakini ili msitu urudi nyuma lazima nyuma pawe wazi. Ukishajenga ukuta hapo, siku bahari ikija mikoko itabanwa katikati ife, na aliyejenga atabaki na bahari mlangoni bila kitu cha kuivunja nguvu. Ukipima kutoka mkoko wa nje kabisa, kama tulivyofanya sisi, mwenye nyumba ile hana kosa. Yupo nje ya mita 60. Leo.

Ijumaa, Ununio hadi Kunduchi

Ununio tulipita haraka. Tulikunywa chai kwa shangazi yake Shemeji, akatulazimisha kula viazi vya rojo ambavyo hatukuviomba, tukaondoka kabla jua halijawa kali.

Kunduchi ndiko hasa nilikotaka kukaa. Shemeji alikulia huku, alivua huku na baba yake kabla ya kuhamia kwenye ufundi wa mashine za boti, na kila tuliyekutana naye alimwita kwa jina la utani ambalo ameniomba nisiliandike. Baada ya sala ya Ijumaa alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kibarazani. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatukaribisha mkekani.

"Mzee, zamani bahari ilikuwa wapi?"

Hakunyoosha kidole. Alinyanyuka, akajifunga msuli vizuri, akatuongoza mpaka ufukweni, akaonyesha ngalawa iliyotia nanga kwenye maji ya kifuani. "Pale palikuwa na nyumba. Na nyuma yake nyumba nyingine. Msikiti wetu wa zamani ulikuwa upande ule. Na soko."

Maji yalikuwa yanajaa bado. Tulipima kutoka kwenye mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji ya alfajiri. Fundo la kwanza lilifikia ngazi ya nyumba ya kwanza. La tatu likawa uani kwa watu, karibu na jiko la mkaa, tukaomba radhi. Fundo la sita tulilikuta nyuma ya nyumba ya tatu, kwenye mgongo wa nyumba ya huyo huyo mzee.

Nikamwambia kwamba kwa kipimo cha sheria, yeye sasa yumo ndani ya mita 60. Akaitazama kamba, akanitazama mimi.

"Mwanangu, nyumba hii aliijenga baba yangu. Kutoka hapa mpaka majini ulikuwa unapita minazi, unapita uwanja wa mpira wa watoto, ndiyo unakuta mchanga. Mimi sijasogea. Yeye ndiye kanijia."

Kuanzia hapo kamba ile nikawa naishika kwa namna nyingine. Sheria inapima kutoka bahari ilipo, nayo bahari haikai. Aliyejenga mbali kwa utii anaweza kuzeekea ndani ya eneo lililokatazwa bila kuinua tofali hata moja.

Mzee akauliza swali ambalo nadhani kila mtu wa mwambao anastahili kujibiwa: bahari imepanda kiasi gani hasa? Nikamjibu ninachokijua. Kwa wastani wa dunia nzima, kati ya mwaka 1901 na 2018 ilipanda kama sentimita 20. Hayo ndiyo mahesabu ya Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC. Sehemu ni barafu za nchi kavu zinazoyeyuka, Greenland, Antaktika na milimani, na sehemu ni maji yenyewe kutanuka kwa joto. Akafungua kiganja chake, akakipima sentimita 20 kwa macho: shubiri.

"Shubiri moja ndiyo ilibeba nyumba zote zile?"

Shemeji akachukua kijiti akachora mchangani. Ufukwe wetu umelala, hausimami. Chukua mahali ambapo ukitembea mita 50 kwenda baharini unashuka mita 1 tu. Bahari ikipanda shubiri moja juu ya mteremko huo, ukingo wake unaingia nchi kavu mita 10. Fundo zima la kamba. Na makadirio ya IPCC ya kufikia mwaka 2100, dunia ikiendelea kuchoma mafuta na makaa kwa wingi, ni kati ya sentimita 63 na mita 1 na ushee juu ya wastani wa miaka ya 1995 hadi 2014. Ikijizuia sana, ni sentimita 28 hadi 55. Mita 1 kwenye mteremko wa Shemeji ni mafundo matano. Kisha juu yake weka bamvua, juu ya bamvua weka upepo.

Lakini mzee alikuwa na haki ya kutilia shaka shubiri. Kunduchi imepoteza ardhi kuliko inavyoweza kuelezwa na kupanda kwa maji peke yake, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakiufuatilia ufukwe huu tangu miaka ya 1970, kabla maneno "mabadiliko ya tabianchi" hayajaanza kusikika redioni. Ufukwe unakula mchanga. Unaletewa na mito, Mto Tegeta na Mto Mbezi, kila masika. Halafu mawimbi ya kusi yanausukuma kwenda kaskazini, ya kaskazi yanarudisha kidogo kusini, na mahesabu yakifungwa mchanga mwingi huwa umekwenda kaskazini. Kinachotoka lazima kiingie kingine. Sisi tukaingia mtoni na makoleo na malori. Kata mchanga, pakia, peleka saiti. Tegeta, Boko, Bunju, mitaa mingapi imesimama juu ya mchanga uliokuwa safarini kwenda Kunduchi! Baharini nako kulikuwa na matumbawe ya kuvunja mawimbi kabla hayajafika. Tuliyachoma tukapata chokaa, tukayapiga baruti kutafuta samaki kwa miaka mingi, na mwaka 1998 joto la bahari likapausha na kuua mengi yaliyobaki katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Shemeji alinyamaza kwenye baruti. Aliwajua waliopiga.

Jioni tulipita kwenye magofu, msikiti wa karne ya 15 au 16 na makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo zilizopachikwa sahani za Kichina. Waliojenga pale hawakuwa na kamba wala kifungu cha 57, na wamekaa mahali pazuri kuliko wengi wetu.

Jumamosi, Mbezi Beach, Koko, Barabara ya Obama

Ukipanda daladala Barabara ya Bagamoyo, konda anaita "Africana, wa Africana!" na watu wanashuka. Hoteli iliyokipa kituo jina hilo haipo. Bahari iliila mpaka ikaachwa, jina likabaki kituoni.

Tulishuka hapo tukatafuta njia ya kwenda ufukweni. Kazi kweli kweli. Kuta upande huu, kuta upande ule, geti, mlinzi, mbwa. Kibarua mmoja wa bustani alituonyesha kichochoro. Tulipotokea majini tukakuta kila mwenye nyumba ana vita yake binafsi na bahari. Mmoja kajenga ukuta wa zege, jirani yake kapanga viroba vya mchanga, wa tatu kamwaga kifusi cha nyumba aliyoibomoa, vigae vya choo vikiwa vimo. Mahali pengine kuna kuta fupi za mawe zinazoingia majini, zilizojengwa kukamata mchanga unaopita. Zinaukamata kweli. Upande wa kusini mchanga umejaa hadi juu, unaweza kucheza mpira. Upande wa kaskazini wa ukuta huo huo, kwa jirani, umechimbika hadi mizizi ya minazi inaning'inia.

Hilo la jirani ndilo linaloniudhi. Mwenye pesa ananunua ufukwe wake kwa ufukwe wa mwenzake, na mwenzake akijenga wake, njaa inahamia kwa anayefuata. Mwisho wa mstari huwa pana kijiji cha wavuvi, ambacho hakina zege.

Kamba hapa haikufaa. Fundo la pili tu liligota kwenye ukuta, na ng'ambo ya ukuta tulisikia watu wakipiga mbizi kwenye bwawa la kuogelea.

Koko, yaani Coco Beach, ilikuwa Jumamosi ya kawaida: mihogo, pweza, muziki, watoto. Nusu ya jiji ilikuwepo na nusu nyingine ilikuwa inatafuta maegesho. Tukala mihogo tukaendelea kwa miguu juu ya Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, zaidi ya kilomita 1 likipita baharini. Kulia kwako unaliona Daraja la Selander, lenye jina la tangu enzi za Waingereza, na chini yake mdomo wa Mto Msimbazi na mikoko yake. Kumbuka mdomo huo, kesho tunauingia kwa ndani.

Barabara ya Barack Obama, ambayo wakubwa bado wanaiita Ocean Road, ndiko kwenye ukuta unaotajwa kila panapozungumzwa kupanda kwa bahari Tanzania. Ukuta wa zamani ulikuwa umebomoka, mawimbi yakawa yanaichungulia barabara. Huu mpya ulijengwa kwa fedha za Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi chini ya Umoja wa Mataifa, kupitia shirika la mazingira la UNEP, na mradi huo huo ndio uliojenga ukuta wa Kigamboni tutakaoufikia. Ni mzuri. Saa kumi na moja unusu maji yalikuwa yamejaa, mawimbi yakaupiga, manyunyu yakaruka, wapenzi wakapiga kelele na kupiga picha, barabara ikabaki kavu.

Tulipima? Kipande kimoja tu, mbali na Ikulu, na kwa haraka. Kamba inavuka njia ya waenda kwa miguu, inavuka barabara yote na kuzidi. Tulipokaribia Ikulu niliikunja nikaitia ndani ya begi. Udadisi una mipaka.

Nikaona niseme hapa: siupingi ukuta huu. Nyuma yake kuna barabara, kuna Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, jengo la tangu Wajerumani, vitu ambavyo huwezi kuviambia vihame. Swali ni kwamba mwambao wetu una mahali pangapi penye kitu cha kutetea namna hiyo, na nani atachagua.

Jumapili, Jangwani

Mtu anaweza kujiuliza Jangwani inahusianaje na bahari, wakati ukisimama pale huioni. Ndiyo maana nilimlazimisha Shemeji, aliyetaka kwenda kutazama mpira.

Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unakusanya maji ya bonde la kama kilomita za mraba 289 lililojaa watu, unashuka kupita Vingunguti, Kigogo, Jangwani, unamwagika Selander. Sehemu ya mwisho ni tambarare tupu. Mvua ikinyesha wakati bahari imekupwa, mto unashuka hadi mwisho. Ikinyesha wakati wa bamvua, bahari inasimama mdomoni na maji ya mto hayana pa kwenda, yanatanuka kando. Masika yetu huanza Machi, na bamvua kubwa ni la Machi. Huhitaji shahada kuona vinavyokutana. Kila sentimita bahari inayopanda ni mteremko unaopungua kwa mto ambao tayari hauna mteremko, na taka tunazotupa mitaroni zinamalizia kazi.

Desemba 2011 mvua ilinyesha kwa siku mfululizo, zaidi ya watu 40 wakafa, na familia nyingi za bondeni zikapelekwa Mabwepande, nje kabisa ya jiji wakati ule. Mwaka 2015 mwishoni zikaja X nyekundu kwenye kuta za nyumba za kubomolewa, na tingatinga. Mita 60 za mto. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa humo humo bondeni, na mabasi yamewahi kukutwa na maji. Barabara ya Morogoro hufungwa hapa karibu kila masika yakiwa makali, na jiji linakatika vipande viwili, wa Magomeni hafiki Kariakoo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde: daraja refu la juu Jangwani, kupanua na kusafisha mto, kulipa fidia walio kwenye eneo la hatari ili bonde ligeuzwe bustani. Nyumba nyingi zimeshavunjwa. Tuliyoyakuta ni misingi, vipande vya sakafu yenye tarazo, na mpapai mmoja uliokuwa wa uani kwa mtu.

Kijana aliyekuwa akiosha pikipiki karibu na mto alitueleza yake. Familia yao ilipewa kiwanja Mabwepande baada ya 2011. Baba alikuwa fundi viatu Kariakoo. Nauli ya kwenda na kurudi ikawa inakula nusu ya kipato, wateja hawakumfuata, akawa analala kwa ndugu Kigogo siku za kazi. Baadaye akarudi moja kwa moja. Wakabomolewa tena.

"Tulijua maji yatakuja," alisema. "Njaa nayo tulijua itakuja. Njaa inakuja kila siku, bro, maji mara moja kwa mwaka."

Tulilaza kamba kutoka kingo za mto. Fundo la sita liliangukia mahali ambapo mafuriko huwa yanamfika mtu kiunoni, kwa maelezo yake. Mita 60 zilizotosha kwenye karatasi hazitoshi kwenye tambarare. Hapa kinachotakiwa kupimwa ni kimo cha ardhi, na kamba haina habari na kimo.

Shemeji alikosa mpira. Timu yake ilifungwa, kwa hiyo hakunilaumu sana.

Jumatatu, Feri na Kigamboni

Feri, soko la samaki kando ya kivuko cha Kigamboni, alfajiri ni kelele, harufu na mnada. Tulikunywa supu ya pweza tukasikiliza. Wavuvi hawazungumzii sentimita. Wanazungumzia siku zilizopungua: pepo zisizoshika msimu, matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya kutotoka. Wengi walikitaja Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilipokuja upande wa Mafia na boti za Zanzibar zikasimamishwa. Zamani tuliambiwa vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Hidaya ilifika ikiwa imepungua nguvu, na bado watu walikesha.

Kwenye pantoni, tukiwa tumebanwa kati ya bajaji na kinamama wenye ndoo za samaki, nilimsomea Shemeji makadirio niliyokuwa nimeyaandika kwenye simu: asilimia 8 hivi ya jiji iko chini ya mita 10 kutoka usawa wa bahari, na mwaka 2005 eneo hilo lilikuwa na watu zaidi ya 143,000. Sensa ya 2002 ilihesabu mkoa wetu watu wapatao milioni 2.5. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Shemeji akasema, "Basi hao 143,000 wameshazaa."

Ukuta wa pili uko kwenye Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ng'ambo tu ukishuka. Kabla ya ukuta bahari ilikuwa inakimega kiwanja cha chuo. Sasa umetulia, wanafunzi wanakaa juu yake na vitabu, wengine bila vitabu.

Tuliteremka hadi Mjimwema kwa bajaji. Bibi mmoja aliyetukaribisha maji alituomba kwanza tuonje ya kisimani. Yalikuwa na chumvi, siyo kali, ile ya kukufanya unywe tena ili uhakikishe. Kisima kilichimbwa na marehemu mumewe, anasema kilikuwa cha maji baridi kabisa, yasiyo na chumvi, kinapikia chai mtaa mzima. Chini ya ardhi ya pwani maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi. Ukivuta ya juu kwa pampu kuliko mvua inavyorudisha, ya chini yanapanda. Bahari ikisogea, yanapanda zaidi. Visima virefu vimechimbwa kila nyumba mpya ya jirani, zenye bustani za majani ya kumwagilia. Bibi ananunua ya madumu.

Nilishaanza kuona kwamba haya ya kisima ndiyo yatakayowahamisha watu kabla ya mawimbi. Ukuta unaonekana na unafunguliwa na viongozi. Chumvi inaingia usiku na haina wa kukata utepe.

Mjukuu wa bibi alipojua tunapima, akampigia simu rafiki yake dalali, akidhani sisi ni wanunuzi. Alikuja na pikipiki ndani ya dakika chache, kijana mchangamfu, shati limenyooka. Kiwanja kipo, beach kabisa, hati inashughulikiwa, majirani ni wakubwa. Twende tukaone. Tukaenda. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili na maji yalikuwa bado yanajaa. Vigingi vya mbele vya kiwanja vilikuwa vimelowa. Shemeji bila kusema neno akashika fundo la mwisho, mimi nikabaki na ncha kwenye mstari wa mwani, akatembea kuelekea nyuma ya kiwanja. Alipofika kwenye vigingi vya nyuma alikuwa bado na fundo moja na nusu mkononi. Kiwanja chote kilikuwa ndani ya kamba.

"Mita 60 hizi vipi?" nikamuuliza dalali.

"Aah, mkubwa, hiyo inapimwa kutoka maji yakiwa yametoka." Akaonyesha mbali, kwenye mapwa yaliyokuwa chini ya maji wakati huo. "Kule. Ukipima kutoka kule uko salama kabisa."

Shemeji akasema basi tutarudi kesho tupime vizuri. Dalali akafikiri kidogo, akatazama bahari, akahesabu kwa vidole.

"Kesho msije. Bamvua hili bado linasumbua. Njooni wiki ijayo maji yakiwa mafu, ndiyo mtakiona kiwanja chote."